Uvimbe wa Mguu wa Farasi: Upi wa Kutembezwa, Upi wa Kupumzishwa

Katika miji ya nyanda za juu za Ethiopia, tangu Bishoftu na Mojo hadi Hawassa na Bahir Dar, farasi si pambo wala si mnyama wa michezo. Ni mfanyakazi. Kwa miaka mingi amevuta chombo cha magurudumu mawili chenye kuchukua abiria, magunia ya nafaka, matofali na madumu ya maji. Jina la chombo hicho halihitaji mkalimani kwetu sisi tusemao Kiswahili, kwani watu wa huko nao hukiita gari. Siku hizi bajaji zimechukua sehemu ya kazi hiyo katika miji kadha. Hata hivyo, zingali nyingi nyumba ambazo chakula chao cha jioni hutokana na miguu minne ya mnyama aliyeamshwa alfajiri.

Ethiopia ndiyo nchi yenye punda wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na farasi wake wapita milioni 1. Kwa mtu aishiye kwa kazi ya mnyama huyo, mguu uliovimba ni habari nzito. Huenda jana jioni farasi alirudi salama, na asubuhi mguu umejaa. Mwenye gari hukabiliwa na swali asiloweza kuliahirisha: je, amfunge garini ama ampumzishe? Akimpumzisha pasipo sababu, amepoteza pato la siku moja. Akimfunga garini pasipostahili, yumkini amepoteza farasi.

Twaona yafaa kulieleza jambo hili kwa urefu, maana lina siri ambayo wengi hawaijui. Uvimbe wa mguu wa farasi si wa aina moja. Uko uvimbe utakao mwendo, na uko uvimbe utakao pumziko. Kwa jicho hufanana. Kwa mkono hutofautiana. Mtu asiyeugusa mguu hawezi kujua ni upi, na akikisia, dawa ya mmoja huwa sumu ya mwingine.

MAUMBILE YA MGUU

Kwanza na tuutazame mguu wenyewe. Kuanzia goti kwenda chini, mguu wa farasi hauna misuli. Una mifupa, viungo, kano ndefu mithili ya kamba, mishipa na ngozi. Misuli iukunjayo na kuunyosha imekaa juu, karibu na mwili. Ndiyo sababu mguu huo ni mwembamba na mwepesi. Ndiyo sababu pia hujeruhiwa upesi, kwani hapana nyama ya kuukinga na pigo.

Damu hushuka mguuni ikisukumwa na moyo, lakini kurudi juu ni kazi nyingine. Kwa binadamu, misuli ya shavu la mguu husaidia kuikamua damu irudi. Farasi hana misuli hiyo huko chini. Badala yake, kila ukwato unapokanyaga ardhi, sehemu laini zilizo ndani yake hubanwa, na damu husukumwa kwenda juu. Maji yavujayo kutoka mishipa ya damu, ambayo hukusanywa na mishipa ya limfu, nayo hutegemea mwendo ili yarudi mwilini. Kila hatua ni pigo moja la pampu. Farasi akisimama, pampu imesimama. Akisimama usiku kucha na mchana kutwa, maji hayana pa kwenda ila kujaa miguuni.

UVIMBE WA KUSIMAMA

Huu ndio uvimbe wa kawaida zaidi, na ndio mwepesi kuutunza. Farasi amefanya kazi siku sita, na siku ya saba amefungwa zizini huku akilishwa shayiri na pumba za ngano kwa kipimo kile kile cha siku za kazi. Kesho yake huonekana miguu imejaa, aghalabu miwili ya nyuma, na mara nyingine yote minne. Ni kana kwamba amevishwa soksi nene kutoka kifundo hadi karibu na goti.

Uguse mguu huo: ni wa baridi. Ubonyeze kwa kidole: hubaki kishimo kwa muda, kama kwenye unga uliokandwa. Mnyama hashtuki, hachechemei, na hajaacha kula. Mtembeze kwa dakika 10 au 20, na uvimbe utaanza kushuka mbele ya macho yako.

Dawa yake ni mwendo. Mnyama asitolewe zizini moja kwa moja kwenda kuvuta mzigo mzito. Atembezwe kwanza pole pole, kisha aanze kazi kwa mzigo mwepesi. Siku ya mapumziko asifungwe kwa kamba fupi mahali pamoja. Apewe uwanja wa kujitembeza, au atolewe asubuhi na jioni. Nafaka ipunguzwe siku hiyo, aongezewe majani makavu au mabua ya tefu, na maji safi yasikosekane.

Katika Ulaya ya zamani, siku ambazo miji yote ilitegemea farasi, waendeshaji walikuwa wakisema juu ya maradhi ya Jumatatu asubuhi. Yalikuwa maradhi zaidi ya moja, mengine ya misuli na mengine ya miguu kufura, lakini yote yaliwapata farasi waliopumzika Jumapili huku wakila shibe ya siku za kazi. Funzo lake lingali pale pale: siku isiyo na kazi isiwe siku ya nafaka nyingi.

Jamaa wa uvimbe huu ni vile vijifuko laini vya maji vionekanavyo pande mbili za mguu, juu kidogo ya kifundo, kwa farasi waliofanya kazi miaka mingi. Maadamu ni baridi, haviumi, na mnyama hachechemei, viachwe kama vilivyo. Ni alama ya kazi tu. Watu wengine huvitoboa ili kuyatoa maji. Tendo hilo ni la hatari kubwa, kwani ndani ya vijifuko hivyo ni kiungo chenyewe au ala ya kano, na sindano chafu huingiza vijidudu mahali ambapo ni vigumu mno kuvitoa.

UVIMBE WA PIGO

Sasa twende kwenye uvimbe wa namna nyingine. Farasi amejikwaa kwenye mawe, amepigwa teke na mwenziwe, au amegonga mti wa gari. Hapa aghalabu huvimba mguu mmoja, na uvimbe hukaa mahali pamoja. Ukiweka kiganja chako juu yake utasikia joto. Ukibonyeza, mnyama huuondoa mguu.

Huyu asitembezwe kwa nia ya kuushusha uvimbe, wala asikandwe kwa mafuta makali. Apumzishwe, na mguu umwagiwe maji baridi kwa dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa siku, katika siku mbili za kwanza. Pasipo na bomba, ndoo na kopo vyatosha. Pia anaweza kusimamishwa katika kijito cha maji safi, ikiwa hana kidonda. Katika miji iliyo mita 1,800 au zaidi juu ya usawa wa bahari, maji ya asubuhi yana ubaridi wa kutosha. Barafu ikipatikana, izungushiwe kitambaa kwanza, isiguse ngozi yenyewe.

Kama jeraha ni dogo, uvimbe na joto vitapungua katika siku mbili au tatu. Visipopungua, au ikiwa mnyama hawezi kabisa kuukanyagia mguu, hilo si pigo dogo tena. Aitwe daktari wa mifugo.

Juu ya bendeji twapenda kusema wazi, kwa sababu wengi huidhuru miguu kwa nia njema. Bendeji haifungwi juu ya ngozi tupu. Kwanza huwekwa pamba nene inayouzunguka mguu wote sawasawa, kisha bendeji hufungwa juu yake bila makunyanzi na bila kukazwa sehemu moja kuliko nyingine. Ifunguliwe na kutazamwa kila siku. Mguu wa pili nao ufungwe, kwani ndio uliobeba uzito wa mwenziwe. Kamba ya katani, utepe wa mpira wa baiskeli au kitambaa chembamba kilichokazwa huzuia damu na kuiumiza kano. Asiyeweza kuifunga vizuri ni heri asiifunge kabisa.

UVIMBE MDOGO WENYE HATARI KUBWA

Kati ya uvimbe wote udanganyao, wa kwanza ni ule wa kano. Miguu ya mbele hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wa farasi, na nyuma ya mfupa mrefu ulio chini ya goti hupita kano mbili zenye kuustahimili uzito huo. Farasi akiteleza na mzigo au akichoka kupita kiasi, nyuzi kadha za kano huchanika. Uvimbe wake waweza kuwa mdogo sana, ukijitokeza nyuma ya mguu mfano wa upinde, wenye joto kidogo. Baada ya siku chache huenda mnyama akaacha kuchechemea, na hapo ndipo ulipo mtego. Mwenyewe hudhani amepona, humrudisha garini, na nyuzi zilizobaki huchanika nazo.

Kano haiponi kwa majuma. Iliyojeruhiwa sana huhitaji miezi 6 hadi 12, kuanzia na pumziko, kisha matembezi mafupi yanayoongezwa kidogo kidogo. Twajua kwamba kwa mtu mwenye farasi mmoja maneno haya ni machungu. Lakini majuma machache ya pumziko kwa jeraha lililowahiwa ni nafuu kuliko kununua farasi mwingine.

Katika nchi nyingi, Ethiopia ikiwamo, kano iliyovimba imekuwa ikichomwa kwa chuma cha moto. Desturi hiyo si ya Afrika peke yake. Nchini Uingereza nako ilitumika kwa karne nyingi, hata kwa farasi wa thamani kubwa. Mwaka 1983 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol walitoa matokeo ya uchunguzi wao mrefu, wakaonyesha kuwa kuchoma hakuisaidii kano kupona. Farasi aliyeonekana kupata nafuu, yumkini aliipata kwa kuwa vidonda vya moto vilimlazimisha bwana wake kumpumzisha. Basi ni bora kumpa pumziko hilo bila kumpa vidonda.

UVIMBE WA MARADHI

Mara nyingine mguu mmoja, hasa wa nyuma, hufura ghafla mpaka juu. Ni wa moto, ngozi imekaza, na mnyama hataki hata kuguswa. Amepoteza hamu ya kula, naye ana homa. Joto la kawaida la farasi mzima, lipimwalo kwa kipimajoto njia ya haja kubwa, ni kati ya digrii 37 na 38.5. Likizidi hapo huku mguu umevimba, vijidudu vimekwisha kuingia, mara nyingi kwa mkwaruzo mdogo usioonekana. Huyu ahitaji dawa za kuua vijidudu kutoka kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kidonda kilicho karibu na kiungo kihesabiwe kuwa cha hatari hata kama ni kitundu cha mwiba. Kikitoa ute wa manjano unaonata, huenda ni maji ya kiungo chenyewe, na hapo muda wa kumwokoa mnyama huhesabiwa kwa saa. Wakati wa kumngoja daktari, kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi vijiko viwili vidogo vya msawazo kwa lita moja. Kisipakwe majivu, mafuta ya gari wala samadi.

Tena ikumbukwe kwamba farasi na jamaa zake hudhurika kwa pepopunda kuliko takriban mifugo mingine yote. Wazee wetu hawakulipa ugonjwa huo jina la punda bure. Vijidudu vyake hukaa udongoni na katika samadi, na huingia kwa kidonda chembamba chenye kina. Chanjo yake ipo, na ni rahisi mno ikilinganishwa na matibabu ambayo aghalabu hushindwa.

Nyanda za juu za Ethiopia zina adui mwingine ambaye waendesha gari wanamjua vyema. Ni ugonjwa wa kuvu ushambuliao mishipa ya limfu. Huanza kwa kijivimbe kimoja kigumu, pengine mguuni, pengine shingoni au kifuani. Kisha vingine hufuatana kwa mstari, mithili ya shanga zilizotungwa, vikapasuka na kutoa usaha mzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, uliofanywa katika miji 28 ya nchi hiyo, uliukuta kwa karibu farasi mmoja katika kila watano wavutao magari. Ugonjwa huo huenea kwa nzi na kwa matandiko yaliyotumiwa na mnyama mgonjwa, navyo huingilia penye vidonda. Mnyama anayewahiwa mapema huweza kutibiwa. Anayecheleweshwa hudhoofika, na mara nyingi huishia kutupwa barabarani. Kwa hiyo kijivimbe cha kwanza, ambacho mtu angekiita kidogo, ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote.

Hatimaye, miguu yote minne ikivimba pamoja na chini ya tumbo, na mnyama akazidi kukonda, mwendo hautamponya. Hapo chanzo kiko ndani ya mwili: minyoo mingi, njaa ya muda mrefu, ugonjwa wa moyo, au nagana katika sehemu zenye mbung'o.

MKONO KABLA YA HATAMU

Kutokana na hayo yote, kanuni ya mwenye farasi ni nyepesi, wala haigharimu senti. Kila asubuhi, kabla ya kumfunga, ampitishie mikono miguu yote minne kutoka juu hadi ukwatoni. Aulinganishe kila mguu na mwenziwe. Ajiulize: ni mguu mmoja au miwili? Ni wa baridi au una joto? Anashtuka nikibonyeza? Anachechemea? Amekula? Kisha ainue kwato, azisafishe na kutazama kama pana msumari, jiwe au harufu mbaya, kwani usaha ulio ndani ya ukwato huweza kuvimbisha mguu juu yake.

Miguu miwili, baridi, bila maumivu: atembezwe. Mguu mmoja, wenye joto au maumivu: apumzishwe na kumwagiwa maji baridi. Homa, kidonda karibu na kiungo, kushindwa kukanyaga, au vijivimbe vilivyopangana: daktari aitwe bila kukawia. Afanyaye hivyo kila siku huujua mguu wa farasi wake kama ajuavyo mlango wa nyumba yake, na badiliko dogo halimpiti. Dawa za maumivu za binadamu zisitumiwe kwa kukisia. Kipimo chake si kimoja, na maumivu yakifichwa mnyama huukanyagia mguu uliopaswa kupumzika.

Mengi pia huweza kuzuiwa. Kamba nyembamba ya kumfunga miguu malishoni hukata ngozi na kuleta uvimbe kila siku. Kitambaa kipana na laini ni bora. Mzigo usiosawazishwa garini huutwika mguu mmoja kazi ya wawili. Kwato zilizoachwa zikarefuka huzivuta kano kila hatua. Zizi lenye matope na mkojo huchubua ngozi nyuma ya kifundo, na hapo ndipo vijidudu hupata mlango.

Maneno haya yawahusu na wenye punda. Huko Lamu, ambako mitaa ni myembamba na punda ndiye mchukuzi wa mchanga, mawe na saruji, kliniki ya punda imekuwapo tangu mwaka 1987. Mguu wa punda umeumbwa kama wa farasi, ila yeye huficha maumivu zaidi. Punda akionekana wazi kuwa anachechemea, aghalabu ameumia siku nyingi. Kwa hiyo mkono wa asubuhi wamfaa yeye kuliko hata farasi.

Wako watakaosema kwamba maskini hana nafasi ya kumbembeleza mnyama, na kwamba punda afe mzigo ufike. Methali hiyo sisi twaiona kuwa hesabu mbaya. Mzigo wa leo ukifika na punda akafa, mzigo wa kesho utabebwa na nani? Dakika tano za kuigusa miguu kila asubuhi hazimpunguzii mtu pato lake. Zaidi ya hayo, humwezesha mwenye farasi kulijibu lile swali la alfajiri kwa kujua, si kwa kubahatisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mwenye gari ufa wa kwanza huonekana kifundoni.